Nusu Mita ya Sajenti

Mimi nina mdomo, sikatai. Makuruta wananiita Bi Sentimita nikishawapa mgongo, na wanadhani sijui. Najua. Nimewaachia tu kwa sababu jina lenyewe lina ukweli: mwaka wa kumi na nne huu mimi ndiye ninayepima watu kambini hapa. Nani ana pumzi, nani ana mikono, nani amekuja na tumbo peke yake. Kipimo changu kikisema umefaulu, umefaulu, na kikisema rudi nyumbani, hata Meja habishani nacho. Sasa mnielewe ninapowaambia kwamba Alhamisi ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kombati zangu.

Kipimo kinachoogopwa kuliko vyote hapa kwetu tunakiita Mlio. Unachora mistari miwili ya chokaa uwanjani, umbali wa mita ishirini kamili. Kuruta anakimbia kutoka mstari huu kwenda ule, na lazima mguu uguse mstari kabla spika haijalia. Anageuka, anarudi, spika inalia tena. Kwenda ni safari moja, kurudi ni safari ya pili. Mwanzoni unaweza hata kupiga soga njiani. Halafu milio inaanza kukaribiana, inazidi kukaribiana, mpaka watu wanamkumbuka mama. Ukichelewa, umetoka. Kwa wasichana, kufaulu ni safari sitini.

Ila kuna jambo la tepu, na ndilo lililoniponza. Tepu yetu ya kupimia uwanja ilikatwa na mashine ya kufyekea majani miaka mitatu nyuma, ikapoteza nusu mita ya mwanzo. Tepu yenyewe ilikuwa nzima kuanzia hapo, basi tukaendelea nayo. Kila anayepima kambini alijua: tepu inaanzia sentimita hamsini, kwa hiyo ukitaka mita ishirini, soma ishirini na nusu. Mimi ndiye niliyewafundisha wote. Ilishaniingia mwilini kiasi kwamba hata pazia la nyumbani nililipima hivyo, mume wangu akanicheka wiki nzima.

Asubuhi hiyo nilifika uwanjani saa moja na nusu nikakuta koni hazijapangwa. Damu ikanichemka. Koplo wa stoo, kijana mpole anayetembea kana kwamba anaomba radhi kwa kila hatua, alikuja na mfuko wa tepu mkononi akafungua mdomo aseme kitu. Nikamwambia afunge, ashike mwisho wa tepu, avute. Akashika, akavuta. Nikasoma kwa sauti, "Ishirini na nusu. Chora." Chokaa ikamwagwa.

Hapo pembeni ya Koplo, mstari wa mbele wa kikosi, alisimama Fundi.

Huyu binti tulimwita Fundi kwa kuwa kabla ya kuja kwetu alikuwa anashona kwenye kibanda cha baba yake. Na baba huyo, kwa taarifa yenu, ameshona sare za askari maisha yake yote. Binti alipomwambia anakwenda jeshini, mzee hakuinua hata macho kwenye cherehani. Alimjibu, "Sisi tunazishona hizo nguo, hatuzivai." Akaongeza kwamba kiti cha binti pale kibandani hakitakaliwa na mtu, maana atarudi kabla mwezi haujaisha. Fundi alinisimulia mwenyewe siku ya kupima uzito, akacheka.

Mara ya kwanza, wiki ya nne, Mlio ulimtoa akiwa na safari hamsini na mbili. Sheria inatoa nafasi mbili tu. Tangu siku hiyo nilikuwa namwona kila alfajiri akikimbia peke yake nyuma ya jiko wenzake wakiwa bado wanakoroma. Sikumwambia kitu, kusifu si kazi yangu. Lakini moyoni nilikuwa upande wake, na Alhamisi ile ndiyo ilikuwa nafasi yake ya pili na ya mwisho.

Basi vumbi la chokaa halijatulia, Fundi akasema, "Samahani, Afande. Huo mstari umezidi."

Kuruta ananisahihisha mimi? Kuhusu kipimo? Nikamsogelea mpaka kofia yangu ikakaribia kumgusa paji la uso.

"Umezidi nini?"

"Umezidi kidogo, Afande. Nimeona kwenye tepu..."

"Uliyezidi ni wewe. Chini. Ishirini."

Akaenda chini. Sasa mimi nina tabia yangu katika kuhesabu pushapu: ambayo kifua hakikukaribia ardhi, kwangu haipo. Narudia namba ileile mpaka ipatikane ya kweli. Nilimhesabia Fundi hivyo, kumi na moja mara tatu, kumi na saba mara mbili. Alipiga zote bila kuguna, akasimama, akajifuta vumbi kwenye viganja. Dakika tano baadaye nikawasha spika.

Niwaambie ukweli, nilianza kuona mambo hayaendi mapema tu. Kwa kawaida katika kikosi cha wasichana arobaini wanaanguka watatu, wanne wakizidi. Siku hiyo ilipofika safari ya hamsini walikuwa wameshatoka saba, na wengine walikuwa vigogo wangu niliokuwa nawategemea. Nikalaumu joto. Nikalaumu maharage ya jana. Nililaumu kila kitu isipokuwa mimi.

Fundi bado alikuwa ndani. Hamsini na tano. Hamsini na sita. Nilikuwa nimeikamata karatasi ya matokeo mpaka imejikunja. Hamsini na nane, alifika pamoja na mlio, sekunde ileile. Hamsini na tisa, alijirusha, kidole cha mguu kikagusa chokaa. Akageuka. Alikuwa na safari moja tu, mita ishirini tu, na niliona miguu inakataa. Mlio ukalia yeye akiwa bado hatua mbili na nusu nje ya mstari.

Aliendelea kukimbia mpaka mwisho, ingawa haikuwa na maana tena. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya mstari wa chokaa, akabaki hivyo. Nikaandika hamsini na tisa. Nikaandika neno linalofuata, lile la kurudisha mtu nyumbani, na mkono wangu haukutaka.

Walioanguka walikuwa kumi na mmoja. Kumi walikuwa kwenye nafasi ya kwanza, hao wangerudia baada ya wiki tatu. Wa kumi na moja alikuwa Fundi. Lori la kuwapeleka wanaoondoka lilipangwa saa tisa alasiri.

Saa nane kasorobo niliingia stoo kurudisha filimbi na saa. Koplo alikuwa anapanga madumu. Nilikuwa na hasira isiyo na mwenyewe, nikaanza kuikunja upya tepu kwa sababu naona hakuna anayejua kukunja tepu kambini hapa ila mimi. Nikafika mwisho wake. Kidole changu kikaingia kwenye pete ya chuma.

Ile tepu yetu haikuwa na pete. Pete ilikwenda na mashine ya majani.

Nikaitazama. Ilikuwa na sifuri, nyeusi, safi, na baada ya sifuri moja, mbili, tatu, mpaka hamsini zote zikiwa mahali pake.

"Koplo," nikasema taratibu, na nadhani utaratibu wangu ndio uliomtisha, "hii tepu ni ipi?"

"Ni mpya, Afande. Ililetwa Ijumaa ukiwa likizo. Ile ya zamani nimeitoa, hii nikaiweka kwenye mfuko uleule."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia asubuhi, Afande. Ukaniambia nifunge mdomo. Halafu uliposoma ishirini na nusu, nikajua wewe una sababu zako."

Niliketi juu ya dumu. Mita ishirini na nusu. Makuruta wangu wote arobaini walikuwa wamekimbia nusu mita ya ziada kila safari, kwa milio ileile isiyojali. Nikachukua kalamu ya Koplo nikapiga hesabu kwenye kiganja. Safari sitini za halali ni mita elfu moja na mia mbili. Fundi na hamsini na tisa zake alikuwa amekimbia elfu moja mia mbili na tisa na nusu. Jamani. Binti alikimbia zaidi ya anayefaulu, tena kwa kasi zaidi, tena baada ya pushapu ishirini za hukumu yangu, na aliniambia mapema kwa heshima zote kwamba mstari umezidi.

Sijui nilifikaje ofisini kwa Meja. Najua tu sikupiga hodi.

Meja ni mkuu wa mafunzo, mtu mkavu, haongei mpaka ameshakunywa chai yake. Alikuwa anaweka saini karatasi za lori. Nikasimama wima, nikatoa yote bila kuvuta pumzi: tepu, nusu mita, Koplo niliyemfunga mdomo, kuruta niliyemwadhibu kwa kusema kweli. Nikamwonyesha kiganja changu chenye hesabu. Akaweka kalamu chini.

"Sajenti, miaka kumi na minne umewahi kukosea?"

"Hapana, Afande. Leo nimelipia yote kwa mkupuo."

"Wale kumi watarudia Jumatatu. Huyu mmoja siwezi kumpasisha kwa hesabu ya kwenye kiganja. Sheria inataka safari sitini, na mimi naandika zilizokimbiwa." Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. "Akizikimbia kabla lori halijaondoka, nitafuta hii karatasi. Lori likishatoka getini, jina lake halipo mikononi mwangu."

"Afande, ameshakimbia asubuhi. Miguu yake..."

"Basi unapoteza muda kuzungumza na mimi."

Nilitoka mbio. Mimi, na umri wangu, na goti langu la kushoto. Makuruta waliokuwa wanafagia njia walisimama na fagio zao wakidhani kambi imevamiwa.

Fundi alikuwa getini amekaa juu ya begi lake. Alishavaa nguo za nyumbani, sketi na blauzi aliyoishona mwenyewe bila shaka, maana ilikuwa imemkaa vizuri sana. Kombati alisharudisha, buti alisharudisha, raba za mazoezi alisharudisha. Aliponiona alisimama wima kwa mazoea.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani. Yote yakapotea. Nikasema tu, "Mstari ulizidi. Nusu mita. Ulisema kweli, na mimi nilikosea, nikakuadhibu bure. Nisamehe."

Nilidhani atalia, au atanitukana, na vyote viwili nilistahili.

"Meja amekupa nafasi," nikaendelea, "lakini ni sasa hivi, kabla lori halijaondoka. Umekula?"

"Chakula kimenikataa, Afande."

"Miguu?"

"Miguu ipo." Akaangalia kandambili zake. "Raba ndiyo sina. Stoo wameshazichanganya."

Nikainama nikaanza kufungua kamba za raba zangu. Alinitazama miguu mara moja tu, kwa jicho la kifundi, akasema, "Thelathini na tisa. Zitanitosha." Na kweli zilimtosha. Akafungua begi akatoa suruali ya mazoezi yake mwenyewe, na chini ya suruali nikaona futi ya cherehani imeviringishwa, ile ya njano ya kupimia viuno. Akaichukua na hiyo.

Nikamuita Koplo na tepu. Nikampa Fundi ule mwisho wenye pete nikamwambia, "Shika sifuri mwenyewe." Alichuchumaa akalaza futi yake ya njano kando ya tepu mpya, akakagua sentimita kwa sentimita mpaka mia na hamsini, akatikisa kichwa kukubali. Nikavuta. Nikasoma ishirini. Nikasoma tena. Nikamuita Koplo naye asome, nikamwambia, "Na ukiona kitu sema, hata nikiwa napiga kelele. Hasa nikiwa napiga kelele."

"Ni ishirini, Afande," akasema. "Ila umesimama juu ya koni."

Kweli nilikuwa nimesimama juu ya koni, miguu mitupu, sijahisi chochote. Tukachora mstari mpya. Saa nane na nusu. Habari ilishasambaa, kikosi kizima kilikuja na fagio na ndoo, kikajipanga pande mbili. Meja alitoka ofisini na kikombe cha chai. Dereva wa lori akazima injini, akapanda juu ya boneti ili aone vizuri.

Nikawasha spika.

Safari ishirini za kwanza alizikimbia kwa akili, mabega yamelegea, hafiki mapema wala hachelewi. Thelathini, bado. Arobaini, jasho limelowesha fulana yote. Kikosi kilikuwa kinahesabu pamoja naye kwa sauti ya chini. Mimi sikuwa na sauti kabisa. Nimepima maelfu ya watu katika uwanja ule na sijawahi kumwombea mtu, lakini nilijikuta naomba kwa Mungu na kwa raba zangu.

Hamsini, uso ulibadilika. Hamsini na mbili, aliteleza kwenye kugeuka, kiganja kikagusa chini, akasimama. Mlio ulimkuta na mguu juu ya mstari, na hapo watu wakaacha kuhesabu kwa sauti ya chini. Hamsini na tano, ilisikika mpaka jikoni, wapishi wakatoka. Hamsini na saba. Hamsini na nane. Meja alikuwa ameshikilia kikombe kimeinama, chai inamwagikia buti, na hakuwa na habari.

Hamsini na tisa.

Akageuka. Ilikuwa ileile safari ya asubuhi. Niliona miguu yake inakumbuka, ikasita, nami nikapata sauti. Sikumbuki nilisema nini. Koplo anadai nilisema, "Vaa hizo nguo, Fundi," mara nyingi mfululizo. Inawezekana. Alikuja na kichwa nyuma na mdomo wazi, na mguu wake wa kulia ukashuka katikati ya chokaa, vumbi jeupe likaruka, na baada ya hapo ndipo mlio ukalia.

Sitini.

Watu walirusha fagio. Na yeye akageuka akaendelea. Nadhani hakusikia, au alisikia akaona bado ana neno na kile kiti kinachomsubiri kibandani kwa baba yake. Sitini na moja. Sitini na mbili. Sitini na tatu, hapo miguu ikagoma kabisa, wenzake wakamdaka kabla hajafika chini.

Meja alikuja mpaka mbele yangu, akachana karatasi ya lori vipande viwili, akavitia mfukoni. Alisema, "Andika sitini na tatu," kisha akaona buti zake zilivyolowa, akarudi ofisini. Lori liliondoka saa tisa kamili likiwa tupu.

Fundi alikuwa amelala chali kwenye majani, kifua kinapanda na kushuka, anacheka peke yake. Nikasubiri mpaka akakaa. Kisha nikavua kofia nikamkabidhi Koplo.

"Kuruta," nikasema, "asubuhi nilikupa ishirini ambazo hazikuwa zako. Zilikuwa zangu. Nihesabie."

Nikaenda chini na miguu yangu mitupu. Vumbi la chokaa likanijaa puani. Alisita kidogo, nadhani alidhani natania, kisha nikasikia raba zangu mwenyewe zikija kusimama karibu na sikio langu.

"Moja," akasema Fundi. "Mbili. Tatu."

Mpaka kumi nilikwenda vizuri. Kumi na tano, mikono ikaanza kutetemeka. Kumi na nane nilishuka nusu, nikapanda haraka, nikitumaini.

"Kumi na saba," akasema.

Nikashuka tena.

"Kumi na saba. Kifua, Afande. Kumi na saba."